Mama Alivyoongea na Baba Mbele ya Mashine

Mtaani kwetu Temeke mama yangu alijulikana kwa jambo moja: alijua kulia misiba ya watu. Akifa mtoto wa jirani, akifa mpangaji aliyehamia juzi, hata akifa mtu ambaye mama hakuwahi kupeana naye salamu, alijifunga kanga akaenda, akakaa chini na wenzake, akalia mpaka wafiwa wenyewe wakambembeleza. Sisi tulikuwa Wakristo wa bara, watu wa upande wa Kilosa, na majirani zetu karibu wote walikuwa Waislamu wa pwani, Wazaramo na Wandengereko, lakini matangani mama hakuwa mgeni. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mama mmoja wa Kizaramo aliyekuwa akichoma vitumbua, alipenda kusema, "Mie nikifa, aje huyu anililie. Wanangu hawajui kulia."

Nilikua nikiamini kwamba kila mtu ana karama yake, na karama ya mama ni huruma.

Baba alikuwa fundi seremala Keko. Banda lake lilikuwa la makuti, kando ya barabara, na vitanda na makabati aliyoyamaliza aliyapanga nje ili wapita njia wayaone. Useremala alijifunza misheni kabla hajaoa. Alikuwa mtu mpole. Hakulewa, hakumpiga mama, hakuwahi kulala nje. Akirudi jioni alikuta maji ya kuoga yamewekwa na chakula kimefunikwa. Alisema asante, mama akasema haya. Kwa muda mrefu nilidhani ndivyo ndoa zote zilivyo, watu wawili wanaoheshimiana kama mwenye nyumba na mgeni wake, na sikuona kasoro yoyote.

Wakati ninaousimulia vita vya pili vilikuwa vimekwisha na Mwingereza alikuwa bado anatawala bila wasiwasi. Mimi nilikuwa mwalimu wa madarasa ya chini katika shule moja ya wasichana, nikikaa bado kwa wazazi. Wadogo zangu wawili wa kiume walikwisha ondoka, mmoja yuko relini Tabora, mwingine Tanga. Nyumbani tulibaki watatu.

Siku moja alikuja bandani kwa baba kijana mmoja mtangazaji wa redio, amevaa suti na tai katika jua lile. Alitaka atengenezewe sanduku imara la kubebea mashine ya kunasa sauti, kwa kuwa lile lililokuja nayo kutoka Ulaya lilikuwa limepasuka katika barabara zetu. Baba alimtengenezea la mninga, akaliwekea kitambaa cha sufu ndani ili mashine isigongwe. Mtangazaji alipokuja kulichukua alikaa akazungumza. Alieleza kwamba yeye na mkubwa wake, Mzungu mmoja, walikuwa wakizunguka viungani, Kinondoni, Temeke, Keko, kunasa mazungumzo ya watu wa kawaida. Hawakutaka machifu wala makarani wakubwa. Walitaka watu wawili wanaojuana, ndugu au marafiki au mume na mke, wakae pamoja waulizane habari za maisha yao, mashine isikilize, kisha yaje yatangazwe. Akamuuliza baba ameoa muda gani. Baba alipomjibu, kijana akasema basi yeye na mama ndio hasa waliokuwa wakitafutwa.

Baba alikubali. Jambo hilo lilinishangaza, maana alikuwa mtu anayeweza kumaliza siku nzima na maneno unayoweza kuyashika kiganjani. Aliporudi nyumbani alitueleza akiwa amechangamka kidogo. Mama alisema, "Nikaongee nini mimi?" Baba hakumshurutisha.

Katika siku zilizofuata watu wale walifika mtaani kwetu wakaanza na wengine. Jirani yetu wa vitumbua aliongea na dada yake, wakabishana mbele ya mashine juu ya nani kati yao aliyeangua nazi za shamba la marehemu baba yao bila ruhusa. Aliposikilizishwa sauti yake alikataa katakata. "Huyu si mie," alisema. "Mie siongei kama kuku." Mtaa mzima ulicheka, na ile hofu ya kwamba mashine ya Mzungu inachukua roho ya mtu ikaisha. Mama alikuwa ameketi kibarazani akichambua mchele. Alisikia yote. Jioni ile ile alimwambia baba, bila kuulizwa, kwamba na yeye ataongea.

Walikuja Jumamosi mchana. Landrova ilisimama mbele ya nyumba, waya ukapitishwa dirishani kutoka kwenye betri ya gari. Mashine ilitolewa katika sanduku la baba ikawekwa juu ya meza ya chumba cha mbele, na magurudumu yake mawili yakaanza kuzunguka taratibu, ukanda mwembamba ukihama kutoka huku kwenda kule. Baba alivaa koti lake la kanisani. Mama alivaa kanga mpya. Mimi nilikaa kwenye mkeka karibu na mlango kwa sababu mtangazaji alisema nisiondoke, wazee hujisikia huru mtoto wao akiwapo.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Baba alisimulia walivyokuja kwa treni, na jinsi fundi wa kwanza aliyemwajiri Keko alivyompa mbao mbovu kumjaribu. Mama alisimulia alivyoona taa za umeme mjini mara ya kwanza akadhani kuna nyumba zinaungua na watu wamekaa tu, na jinsi jirani alivyomfundisha kupika kwa nazi baada ya kuona anachemsha kila kitu kwa maji na chumvi. Mtangazaji alicheka kwa dhati. Yule Mzungu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji ya kunywa, alitabasamu kwa kuwa mwenzake anacheka.

Kisha mtangazaji akauliza, kama mtu anayetafuta pa kumalizia, "Na huko nyumbani Kilosa, wazee wangu, mliacha nini?"

"Tuliacha wazazi na mashamba," alisema baba.

"Tuliacha mtoto," alisema mama.

Nilidhani nimesikia vibaya. Mimi ndiye niliyekuwa kifungua mimba wao. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu.

Mama hakunitazama. Aliwageukia wale wageni, akaeleza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kumweleza mtu njia ya kwenda kisimani. Alisema kabla yangu alizaa mtoto wa kike. Baba alipoamua kuja Dar es Salaam kutafuta kazi, mama mkwe alisema mjini hakuna pa kulea mtoto, mwacheni hapa mpaka mpate chumba. Mtoto alikuwa ameanza kukimbia. Waliondoka alfajiri akiwa amelala ili asiwalilie. Walipofika Temeke, kila mwezi mama alimuuliza baba wataenda lini kumchukua, na baba akajibu kwamba chumba bado ni kidogo, kwamba mvua zipite, kwamba kazi itulie.

Hapo alimgeukia baba. "Baba watoto, nikuulize leo, maana hawa wametuambia tuulizane. Yule mtu wa nyumbani aliyekuja pale Keko, alikuambia nini?"

Baba aliangalia mikono yake. Magurudumu yaliendelea kuzunguka, na niliusikia mlio wake mdogo, kama mdudu ndani ya ukuta.

"Aliniambia ni surua," alisema.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na mimba ya huyu." Alinionyesha kwa kidevu. "Tumbo lilikuwa linakusumbua. Niliogopa utampoteza na huyu."

"Na alipozaliwa huyu?"

"Ulikuwa unanyonyesha. Nikasema maziwa yatakauka."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo nilikuwa nimeshachelewa," alisema baba. "Ningeanzia wapi?"

Mama aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepata jibu alilolitegemea. Akaendelea, sasa akisema na baba peke yake. Alimkumbusha kitanda kidogo cha mninga ambacho alikitengeneza walipofika tu mjini, kwa ajili ya yule mtoto atakapoletwa. Kwa kuwa chumbani hakukuwa na nafasi kilikaa bandani Keko, kimefunikwa gunia, na mama kila alipompelekea baba chakula alikifunua akakitazama. Siku moja akakuta pale pametupu. Alipouliza, baba alimjibu kwamba mteja mmoja alikipenda, atatengeneza kingine.

"Nikajua siku ile," alisema mama. "Seremala hauzi kitanda cha mwanawe kama mwanawe anakuja. Nikarudi na vyombo vyangu. Baadaye mwanamke mmoja wa kwetu alinikuta kanisani akanipa pole, nikapokea. Hakujua kwamba yeye ndiye wa kwanza kuniambia."

"Ulijua siku zote hizo?"

"Nilijua. Ningelia wapi? Nyumbani kwako hakukuwa na msiba. Nikaenda kulia kwenye nyumba zenye misiba."

Baba alinyanyua uso. Sijawahi kumwona mtu akiwa amevuliwa kila kitu hivyo ilhali amevaa koti. "Kwa nini hukuniambia kwamba unajua?"

"Nilikuwa nangoja uniambie," alisema mama. "Ningekuambia mimi, ungekuwa umeniambia lini?"

Mzungu alimnong'oneza mtangazaji, nadhani akimuuliza kinachoendelea. Kijana alinyoosha mkono akaizima mashine. Alikuwa mtu wa adabu na alitaka kuondoka bila kutusikilizisha, lakini baba alisema hapana, wengine wote mmewasikilizisha, na sisi tusikie. Ukanda ukarudishwa nyuma. Tukasikiliza yote tena, treni, mbao mbovu, taa, nazi, kisha yale mengine. Yalikuwa mazito zaidi kuyasikia mara ya pili, kwa sababu sasa nilijua neno gani linafuata. Baba alisikiliza ameinamisha kichwa. Yalipokwisha alishukuru, akashika upande mmoja wa sanduku na kumsaidia mtangazaji kulipeleka garini.

Nilikuwa bado kijana, nimesoma kidogo, nimesikia mahubiri mengi. Nilidhani watu wakishasemezana ukweli jambo hupoa. Nilingoja. Nilidhani watalia pamoja, au hata watagombana, wapige kelele nyumba nzima isikie, halafu kitu fulani kifunguke. Jioni ile mama aliweka maji ya kuoga na kufunika chakula. Baba alisema asante. Mama alisema haya. Kesho yake tulikwenda kanisani watatu tukakaa benchi moja.

Jumatatu baba hakwenda Keko. Alikaa kibarazani mpaka jua likageuka, kisha akaingia jikoni ambako hakuzoea kuingia. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka shule, namsaidia mama kukuna nazi. Alisimama mlangoni akasema, "Pole sana, mama watoto."

"Asante," alisema mama.

Ilikuwa asante ile ile anayompa jirani. Baba alingoja kidogo, akaona hakuna lingine, akatoka. Nilimtazama mama nikitumaini ataniambia kitu. Aliniambia nazi nikune vizuri, nisifike kwenye kifuu.

Mama hakuwahi kunitenga, lakini niliona kitu ambacho pengine kilikuwapo siku zote. Kila aliponitazama ghafla, kulikuwa na kipande kidogo cha wakati ambapo macho yake hayakuwa juu yangu. Mimi ndiye niliyekuwa tumboni. Kwa ajili yangu hakuambiwa, na kwa ajili ya maziwa yangu hakuambiwa tena. Hakuna aliyenilaumu. Lakini chakula chote nilichokula katika nyumba ile nilikila juu ya kimya hicho, na sasa nilikuwa najua.

Mazungumzo yao yalitangazwa baada ya wiki kadhaa. Watu walikusanyika kwenye mkahawa wa kahawa uliokuwa na redio ya betri, wengine wamekaa chini mpaka barabarani. Baba na mama walipewa viti vya mbele. Mimi nilisimama nyuma nikiwa nimekaza mikono, nikiwaza watu hawa wote watafanya nini wakisikia. Sauti ya baba ikatoka, ikapanda treni, ikapewa mbao mbovu. Sauti ya mama ikaziogopa taa, watu wakacheka. Kisha mtangazaji akauliza waliacha nini nyumbani, na baba akajibu, tuliacha wazazi na mashamba. Hapo hapo mtangazaji akawashukuru wazee wetu kwa kutufundisha uvumilivu wa ndoa, na muziki ukaanza.

Watu walipiga makofi. Jirani wa vitumbua alimkumbatia mama, akamwambia ameupa mtaa heshima. Mzee mmoja alimshika baba mkono akasema vijana wa siku hizi wangepaswa kusikilizishwa ndoa kama hiyo kila asubuhi. Baba na mama walipokea. Walisimama bega kwa bega wakipokea, na nilipowatazama nilifikiri kwamba laiti ule uongo ungekuwa mkubwa kidogo wangeweza kuhamia ndani yake wakaishi.

Baada ya hapo walianza kuitwa kwenye harusi kutoa nasaha. Nilimsikia mama mara moja akimwambia bibi harusi amsikilize mumewe na asiwe mwepesi wa kuuliza maswali. Bibi harusi aliitikia kwa kichwa chini ya shela. Mama alisema maneno hayo vizuri sana, bila kejeli, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa na mwingine.

Baba alinituma kwa yule mtangazaji. Aliniita bandani, akashusha kidogo turubai la mlangoni, akaniambia nikamuulize kama sehemu iliyokatwa ipo, na kama ipo, kama yeye baba anaweza kwenda kuisikiliza. Sikumuuliza sababu, lakini aliitoa mwenyewe. "Siku ile ndiyo mama yako aliniambia jambo," alisema. "Kabla yake hakuwahi. Na tangu siku ile hajaniambia tena."

Mtangazaji nilimkuta kazini kwake. Alinipokea vizuri na aibu ilikuwa imemjaa usoni. Alisema mkubwa wake alitafsiriwa yote, akasikitika, lakini akaona watu waliopumzika Jumamosi hawataki kusikia vifo. Kuhusu ile sehemu, alisema mikanda ni michache na inatoka mbali, kwa hiyo wakishatoa wanachokitaka hunasia vingine juu yake. Juu ya maneno ya mama kulikuwa tayari na ngoma fulani kutoka Kisarawe.

Nilipomwambia baba, alisema haya. Alichukua randa akaendelea kulainisha ubao ambao tayari ulikuwa laini.

Masika yalipopita mama alisema anataka kuona kaburi. Alilisema wakati wa kula, kama anavyosema chumvi imekwisha. Baba alikubali kabla mama hajamaliza sentensi. Katika miezi yote ile ndiyo mara pekee nilipouona uso wake ukipata nuru. Alitengeneza msalaba mdogo wa mvule, akaupiga msasa mpaka ukang'aa, akakaa nao usiku na mchana kama mtu aliyepewa tena kazi yake ya kwanza. Shule ilikuwa imefunga, nikaenda nao.

Tulipanda treni daraja la tatu mpaka Kilosa, tukachukua lori la mizigo, tukamalizia kwa miguu. Baba aliubeba msalaba amefunga kwenye shuka. Tulifikia kwa mdogo wake, baba yangu mdogo, mtu ambaye nilikuwa namwona kwa mara ya kwanza. Nyumba yake ilikuwa mlimani, katika mawe. Baba alishangaa, akauliza kwa nini wanaishi huku badala ya kule bondeni kwenye mashamba ya ukoo. Baba mdogo alimtazama kama anayemtazama mtu aliyelala muda mrefu. Alisema bonde alipewa mlowezi, zamani sana, muda mfupi baada ya bibi, mama yao, kufariki. Walihamishwa. Kule chini sasa ni mkonge.

Kesho yake tulishuka. Baba mdogo alizungumza na nyapara wa shamba lile, akaturuhusu tuingie kwa sharti tusikae sana. Nilikuwa sijawahi kuona mkonge kwa karibu. Ulikuwa mistari iliyonyooka, mstari baada ya mstari, mpaka macho yanapochoka, kila mmea umesimama na miiba yake kama mwenzake. Baba mdogo alitembea mbele akitafuta alama. Alisema makaburi yalikuwa karibu na mkuyu mkubwa, na mkuyu ulikatwa. Alisema palikuwa na kijito, na kijito kiligeuzwa. Alisimama mahali, akasogea, akarudi. Mwishoni alisema, kaka, nitakudanganya. Trekta lilipita hapa pote.

Baba alifungua shuka akautoa msalaba. Alikwenda peke yake katikati ya mistari, akaenda mbali, akageuka, akaingia mstari mwingine. Mara aliinama kama aliyeona kitu, akainuka tena. Mama alisimama palepale tulipoingilia, mikono yake ameikunja kifuani, akimfuata kwa macho. Niliona midomo ya baba inacheza. Sijui alikuwa akisali au akihesabu hatua za utotoni, kutoka mlango wa mama yake kwenda mahali fulani.

Alirudi kwetu jasho linamtiririka. "Nadhani ni pale," alisema, akionyesha upande ambao hakuna kilichoutofautisha na pengine. "Niuchomeke pale?"

"Usiuchomeke," alisema mama.

"Hata kwa kukadiria tu. Mungu anajua mahali."

"Mungu anajua, sisi hatujui. Utamchomekea nani? Na wakilima wataung'oa." Hakuwa na hasira. "Turudi, mume wangu. Jua linatuchoma bure."

Ndiyo mara pekee niliyopata kumsikia akimwita hivyo, na nilipotazama uso wa baba niliona kwamba ingekuwa afadhali kama asingemwita.

Msalaba tuliuegemeza kwenye ukuta wa baba mdogo tukauacha pale, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kuubeba tena. Katika treni mama alikaa dirishani na baba akakaa mkabala naye. Mwanamke mmoja aliyepandia Morogoro na kikapu cha ndizi alitukaribisha tule, tukala. Aliuliza tunatoka wapi. Mama alisema tunatoka kusalimia nyumbani.

Baba aliendelea na kazi kwa muda. Kifua kilianza kumsumbua, vumbi la mbao lilikuwa limekaa humo miaka mingi, na hospitali walimpa dawa ya maji ambayo ilimlaza tu. Alikuwa akifanya kazi asubuhi na kukaa mchana. Mama alimhudumia bila kasoro. Alimkanda kifua kwa maji ya moto, alimpikia uji, alimgeuza kitandani alipokuwa hawezi. Katika siku zake za mwisho baba alimtazama sana, alimfuata kwa macho kila alipopita, akingoja. Nilitamani kumwambia mama, mwambie lolote, mtukane hata. Sikuthubutu. Kuna mambo ambayo mtoto hawezi kuwaombea wazazi wake, kama vile hawezi kuwaomba wazaliwe upya. Alikufa Ijumaa mchana, mama akiwa ameshika bakuli, na hawakuwa wamesemezana lolote zaidi ya habari za uji.

Baadaye niliolewa nikahamia Kinondoni, na mama akaja kukaa nami. Tulipata chumba cha uani chenye dirisha, akapanda mchicha na bamia nje yake. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa mnung'unikaji. Alipika, alifua, aliwasalimia majirani wapya. Mimi nilikuwa nimebeba mimba yangu ya kwanza, na nadhani mimba ndiyo iliyonipa ujasiri wa kumuuliza lile ambalo nilikuwa nikilizungukia tangu siku ya mashine. Tulikuwa tumekaa uani tunapembua maharage. Nilimuuliza dada yangu alikuwa na sura gani.

Vidole vyake viliendelea kutenga mawe na maharage.

"Nimeusahau uso wake," alisema. "Nikijaribu kumkumbuka, unakuja wewe. Ulipozaliwa ulikaa pale pale alipokuwa, na kila mwaka ulipokua ukamfuta kidogo. Si kosa lako. Nilimwacha amelala, na chumbani kulikuwa na giza."

Nilimuuliza kama kuna chochote anachokikumbuka, sauti au jinsi alivyokuwa akikimbia.

"Alikuwa na joto," alisema mama. "Nilipomtoa mgongoni, mgongo wangu ukawa baridi. Hilo nalikumbuka."

Kisha alinyanyua ungo, akapepeta, makapi yakaruka na upepo upande wa choo, akaniambia niongeze kuni kwenye jiko.